Uwanja wa Massillon: kwa nini mji mzima hulia kwa mechi ya watoto wa shule

SWALI: Mimi ni mama kutoka Uvira, tuko Ohio mwaka wa nne sasa. Kijana wangu anacheza ule mpira wa Kimarekani, wa kubeba mikononi. Ijumaa moja shule yao ilikwenda kucheza Massillon, nasi wazazi tukafuata. Nilitegemea kukuta uwanja wa shule wenye mabenchi mawili matatu. Nikakuta jengo la maelfu ya watu, bendi kubwa, na wazee wa miaka 80 wamevaa rangi za shule, mmoja anafuta machozi. Nani alijenga kitu kama kile kwa ajili ya watoto wa shule? Wale wazee wanalilia nini? Na sisi wageni tukirudi pale, tukae vipi tusionekane tunadharau mila za watu?

JIBU: Mama, asante kwa swali hili. Nimeandika historia ya michezo kwa miaka mingi, na ni nadra mtu kuniuliza juu ya wale wazee. Wengi huuliza idadi ya viti tu. Basi nianze na viti, kisha tuwafikie wazee, maana kimoja hakieleweki bila kingine.

Uwanja ule unaitwa Paul Brown Tiger Stadium. Ni mali ya shule za mji wa Massillon, na timu yake ni ya Shule ya Sekondari ya Washington, inayojulikana kwa jina la Tigers, yaani chui milia. Unabeba zaidi ya watu 16,000. Mji wenyewe una wakazi 32,000 hivi. Hesabu hiyo itazame vizuri: nusu ya mji, pamoja na vichanga na wagonjwa, inaweza kukaa humo kwa wakati mmoja. Marekani kuna viwanja vya sekondari vipya zaidi na vya gharama kubwa kuliko huo, hasa Texas, lakini sijui kingine ambacho kimebeba maisha ya mji wake kwa muda mrefu namna ile.

Ulifunguliwa mwaka 1939. Ili uelewe nani aliujenga, rudi nyuma miaka michache. Massillon ulikuwa mji wa chuma. Viwanda vya Republic Steel na vingine ndivyo vilivyolisha watu pale na katika mji jirani wa Canton. Mdororo mkubwa wa uchumi ulioanza 1929 uliwakuta watu wa chuma wakiwa wa kwanza kufukuzwa, kwa sababu ujenzi ukisimama na magari yasiponunuliwa, hakuna anayehitaji chuma. Mwaka 1937 wafanyakazi waligoma kudai haki ya kuwa na chama chao, na damu ikamwagika Massillon; watu waliuawa kwa risasi. Huo ndio mji uliojenga uwanja, miaka miwili tu baada ya misiba ile.

Fedha na nguvu kazi vilitoka kwenye mpango wa serikali ya Rais Franklin Roosevelt ulioitwa WPA, ulioanza 1935 na kufungwa 1943. Ulikuwa mpango wa kuwapa kazi watu wasio na kazi: badala ya kumgawia mtu posho akiwa nyumbani, anapewa sepetu, analipwa mshahara, na nchi inabaki na barabara, daraja, shule au uwanja. Watu wapatao milioni 8.5 walipitia ajira hiyo nchi nzima. Viwanja vingi vya shule unavyoviona Marekani, hasa vile vya zege na matofali vyenye sura ya kale, ni kazi ya mikono hiyo. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni hili: waliojenga ni watu waliokosa kazi, kwa mshahara wa serikali.

Lakini kwa nini uwanja, na kwa nini mkubwa hivyo? Hapo anaingia Paul Brown.

Brown alizaliwa Norwalk, Ohio, mwaka 1908, akakulia Massillon, kwani baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Alikuwa kijana mwembamba, mwepesi kiasi kwamba kocha alisita kumpanga, lakini akaja kuwa kwotabeki wa shule ile, yule anayeshika mpira kwanza na kuamua shambulizi liende wapi. Mwaka 1932, akiwa na miaka 24 hivi, alirudi kufundisha shule yake mwenyewe. Aliikuta timu dhaifu na uwanja chakavu. Alipoondoka baada ya msimu wa 1940, alikuwa ameshinda mechi 80, amepoteza 8 na kutoka sare 2. Katika misimu sita ya mwisho alipoteza mechi moja tu.

Siri yake haikuwa vijana wenye miili mikubwa. Alikuwa mwalimu kweli kweli. Mchezo aliufundisha darasani: madaftari, mitihani, ubao. Na jambo ambalo mimi naliona kuwa ndilo kubwa kuliko yote, aliteremsha mfumo wake mpaka kwenye shule za chini, hivyo mtoto wa miaka 12 alijifunza mashambulizi yale yale kwa majina yale yale atakayoyakuta akifika timu kubwa. Kijana akifika miaka 16 lugha ya timu anayo tayari. Siku hizi akademi za soka hujivunia utaratibu huo kana kwamba ni uvumbuzi wa karne hii.

Acha nikueleze msimu mmoja, 1940, maana namba zake zinapendeza ukijua kuzisoma. Katika mchezo huu kila timu ina wachezaji 11 uwanjani na hupewa nafasi nne za kusogeza mpira yadi 10. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Kuufikisha mpira mwisho kabisa wa upande wa adui huitwa tachidauni, nayo huleta pointi 6. Mwaka ule Massillon walishinda mechi zote 10, wakafunga pointi 477 na kufungwa 6. Yaani kwa msimu mzima, adui alivuka mstari wao mara moja tu. Na waliovuka ni Canton McKinley, mahasimu wao, katika mechi ambayo hata hivyo Massillon walishinda 34 kwa 6. Watu wa Canton walipata kitu cha kujivunia, na watu wa Massillon hawakuwasamehe pointi zile sita.

Kocha wa namna hiyo alipoomba uwanja, mji haukusita. Baadaye Brown alikwenda Chuo Kikuu cha Ohio State na kutwaa ubingwa wa taifa wa vyuo mwaka 1942, akaijenga Cleveland Browns kuanzia 1946, timu ya kulipwa iliyobeba jina lake, kisha akaanzisha Cincinnati Bengals mwaka 1968. Alifariki 1991. Massillon waliliweka jina lake kwenye uwanja.

Kuna habari moja ambayo sisi watu weusi tunapaswa kuijua tukikaa kwenye mabenchi yale. Katika miaka ile ya 1930, sehemu nyingi za Marekani kijana mweusi hakuruhusiwa kucheza na wazungu. Brown alipanga wachezaji weusi Massillon bila kuomba radhi kwa mtu. Mmoja wao, Horace Gillom, alikuwa nguzo ya timu ile ya 1940. Upande wa pili, kwa Canton McKinley, kulikuwa na kijana mweusi mwenye nguvu za ajabu aitwaye Marion Motley. Katika miaka yake yote ya sekondari timu ya Motley ilipoteza mechi tatu tu, na zote tatu ilifungwa na Massillon ya Paul Brown. Brown hakumsahau. Mwaka 1946, ligi za kulipwa zilipokuwa zimewafungia weusi mlango kwa zaidi ya miaka kumi, aliwasajili Motley na mwenzake mweusi Bill Willis katika timu yake ya Cleveland. Mwaka huo huo timu ya Los Angeles Rams iliwachukua Kenny Washington na Woody Strode, nao weusi. Hao wanne waliuvunja mlango, mwaka mmoja kabla ya Jackie Robinson, mchezaji mweusi, kuingia ligi kuu ya besiboli, ingawa jina la Robinson ndilo dunia inalolijua. Gillom naye alifuata Cleveland mwaka 1947. Mimi husema ukweli huu kila nipatapo nafasi: sehemu ya mlango ule ilianza kulegea kwenye mechi za watoto wa shule, katika miji miwili ya chuma.

Sasa twende Canton kidogo, maana Massillon bila Canton ni kama mkono mmoja unaojaribu kupiga makofi. Miji hii haifiki kilomita 15 kati yake. Shule zao zilianza kukutana mwaka 1894, na zimekutana zaidi ya mara 130. McKinley ni jina la Rais William McKinley, aliyekuwa mtu wa Canton na akauawa mwaka 1901. Kabla ya shule hizi kuwa na umaarufu, miji yenyewe ilikuwa na timu za watu wazima wa kulipwa, Massillon Tigers na Canton Bulldogs. Mwaka 1906 zilifika mahali pa kutuhumiana kupanga matokeo, kashfa iliyoua mpira wa kulipwa pale kwa miaka kadhaa. Jina la Tigers limerithiwa kutoka kwa timu ile. Na mwaka 1920, mkutano ulioanzisha ligi ambayo leo ni NFL, ligi kuu ya kulipwa ya mpira huu, ulifanyika Canton. Mizizi ya mchezo huu imo katika udongo ule.

Mechi yao huja mwisho wa msimu wa kawaida, na kwa miaka mingi imechezwa Jumamosi mchana, ingawa mechi nyingine zote ni Ijumaa usiku. Wiki hiyo hakuna shughuli nyingine mjini. Madirisha ya maduka hupakwa rangi, kuna maandamano barabarani, wahitimu waliohamia majimbo ya mbali hurudi, na familia zilizooana kati ya miji miwili huketi pande tofauti. Watani wa jadi, kwa maneno yetu. Aliyewahi kukaa Dar es Salaam siku ya Simba na Yanga anajua hali hiyo, isipokuwa hapa wanaocheza ni vijana wa miaka 16 na 17 ambao Jumatatu wana mtihani wa hesabu.

Umeniambia juu ya bendi. Mama, bendi ile si kipambo. Mwaka 1938 Brown alitaka kuwe na onyesho la kuwafanya watu wabaki vitini wakati wa mapumziko, ndipo akaja mwalimu wa muziki George Bird. Aliacha mwendo wa polepole wa bendi za kijeshi akaleta mwendo wa kasi, muziki wa swing, aina ya jazi ya kuchezeka iliyotamba wakati ule, na maumbo yanayobadilika uwanjani kwa haraka. Bendi ikaitwa Tiger Swing Band, na inaitwa hivyo hadi leo. Bird alikuwa hodari kiasi kwamba Brown alipokwenda Cleveland alimchukua akaongoze muziki kule pia. Sisi tunayo ngoma ya beni, iliyopanda kutoka pwani hadi bara, vikundi vya Marini na Arinoti vikishindana kwa sare, hatua na tarumbeta, kila mtaa na kundi lake. Ukiitazama bendi ya Massillon kwa jicho hilo utaielewa upesi kuliko Mmarekani wa jimbo jingine. Bendi nayo inashindana.

Mbele ya bendi huwa kuna Obie, mnyama wa timu. Jina limetokana na herufi za kwanza za rangi zao kwa Kiingereza, machungwa na nyeusi. Kwa miongo kadhaa pia walikuwa wakileta mtoto hai wa chui milia, akiwa ndani ya kizimba kando ya uwanja, mwingine kila msimu kwa sababu chui hukua upesi. Mwaka 2011 mtu mmoja karibu na Zanesville, Ohio, alifungulia wanyama wakali wapatao 50, na mwaka uliofuata jimbo likatunga sheria kali ya kuwafuga. Tangu hapo desturi ya mtoto wa chui wa Massillon ikawa na watetezi wake na wapinzani wake. Mimi niko upande wa wapinzani. Kelele za watu elfu kumi na mwanga wa taa kali si mahali pa mtoto wa mnyama, na mila ile ingeendelea vizuri kabisa kwa Obie wa kuvaa sare.

Mila ninayoipenda kuliko zote haionekani uwanjani. Kuna chama cha wafadhili wa timu, kilichoanzishwa wakati wa Brown mwaka 1934. Kwa miaka mingi chama hicho kilikuwa kikimpelekea kila mtoto wa kiume aliyezaliwa mjini mpira mdogo, ukawekwa kwenye kitanda chake hospitalini. Wageni husikia hivyo wakadhani ni kuwalazimisha watoto mchezo. Ukitazama kwa makini, ni mji unamwambia mama: mtoto wako tumemwona, ana nafasi yake. Ningependa wasichana nao wapewe kitu, na hilo nimewahi kulisema mbele ya watu wa kule bila kuficha.

Pia kila mchezaji wa timu kubwa hupewa mtu mzima mmoja wa mjini, si mzazi wala mwalimu wake, wa kumfuatilia kwa msimu mzima. Humpigia simu, humlisha kabla ya mechi, husimama naye akiumia, humuuliza habari za shule. Watu hao huitwa Sideliners. Wengine wamefanya kazi hiyo kwa miaka mingi, vijana wakipita mikononi mwao mmoja baada ya mwingine.

Sasa tumewafikia wazee wako. Yule mzee wa miaka 80 uliyemwona akifuta machozi huenda alichezea pale, huenda hakucheza kamwe. Lakini inawezekana sana baba yake alichanganya zege la uwanja ule, au alikuwa zamu ya kiwandani na kukimbilia mechi akiwa na masizi usoni. Viwanda vingi vya chuma vya eneo lile vilifungwa au kupunguza watu kuanzia miaka ya 1970. Kazi zilikwenda, maduka yakafuata, watoto wakahamia Columbus na mbali zaidi. Uwanja ulibaki, ukiwa na watu wale wale kwenye viti vile vile. Tiketi za msimu kule hurithishwa ndani ya familia kama shamba.

Na kulikuwa na deni kubwa la moyo. Massillon walihesabiwa mabingwa wa Ohio mara nyingi zama ambazo bingwa alichaguliwa kwa kura za waandishi. Mwaka 1972 jimbo lilianzisha mchujo wa mechi za mtoano, na kuanzia hapo Massillon hawakuwahi kuutwaa ubingwa uwanjani. Walifika fainali 1980, wakashindwa. Wakashindwa 1982. Wakashindwa 2005, 2018, 2019, 2020. Kuna watu walizaliwa, wakacheza, wakazeeka na wakazikwa wakiwa wanaingoja. Mwishoni mwa 2023 walifika tena, bila kupoteza mechi hata moja, dhidi ya shule ya Archbishop Hoban ya Akron, wakashinda 7 kwa 2: tachidauni moja na pointi yake ya nyongeza, dhidi ya pointi mbili ambazo timu hupata ikimkamata adui mwenye mpira ndani ya eneo lake la mwisho. Miaka zaidi ya hamsini ikaisha kwa matokeo madogo hivyo. Na ilifanyika Canton, katika uwanja ambao McKinley huutumia kama nyumbani, ule ulio kando ya jumba la mashujaa wa mpira wa Marekani na unaoitwa leo kwa jina la Tom Benson. Siku ile watu wazima walikumbatiana vitini huku wakiwataja wafu wao kwa majina.

Utaniuliza kwa nini Ijumaa usiku. Taa za uwanjani ziliwawezesha wafanyakazi kuja baada ya zamu, na Jumamosi ilikuwa ya vyuo, Jumapili ya timu za kulipwa. Kisha sheria ikaja kuilinda desturi. Sheria ya matangazo ya michezo ya 1961 iliipa ligi ya kulipwa ruhusa ya kuuza matangazo kwa pamoja, lakini ruhusa hiyo haifanyi kazi kwa mechi zinazotangazwa Ijumaa kuanzia saa 12 jioni, tangu katikati ya Septemba mpaka katikati ya Desemba, karibu na mahali penye mechi ya shule au chuo, umbali wa maili 75. Bunge la taifa zima liliweka uzio kuzunguka Ijumaa ya watoto wa sekondari.

Mkirudi, fanyeni hivi. Nunueni tiketi mapema na mkae upande wa wageni. Wenyeji wana viti vyao vya miaka mingi, na kumkalia mtu kiti cha marehemu baba yake ni kosa hata kama hukujua. Epukeni rangi ya machungwa na nyeusi mkiwa mnaishangilia timu nyingine, na mkienda kwa McKinley epukeni nyekundu na nyeusi. Wimbo wa taifa ukipigwa, watu husimama na kunyamaza. Wakati wa mapumziko msikimbilie chakula wote. Kaeni mzitazame bendi, yenu na yao, maana watoto wa bendi wamefanya mazoezi tangu Agosti kwenye jua. Mchezaji akilala chini ameumia, timu zote mbili hupiga goti, nanyi shusheni sauti hadi ainuke au atolewe, kisha pigeni makofi hata kama ni wa kwao.

Tena, Mama, ipo siku moja ambayo hamtakiwi kuikosa katika uwanja wa shule yenu wenyewe. Katika mechi ya mwisho ya nyumbani ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho, shule nyingi humtoa kila mchezaji katikati ya uwanja akiwa ameshikana mikono na wazazi wake, na jina la familia husomwa kwenye kipaza sauti. Nimewaona wazazi wageni wakibaki nyumbani kwa kudhani haiwahusu, au kwa kuona haya kwa sababu ya lugha. Nenda umuulize kocha tarehe tangu sasa, omba ruhusa kazini mapema, vaa kitenge chako, na mwandikie msomaji wa majina jinsi jina lenu linavyotamkwa.